Mama Amesimama Mara Ngapi

Jumamosi, 1 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo. Sasa dada wa mazoezi wa kliniki ameniagiza niandike kila siku Mama amesimama mara ngapi bila kunyanyuliwa, basi maneno yataingia humuhumu pamoja na sentimita.

Hali ya leo ni hii. Mama ana miaka themanini na minne, na huu ni mwaka wa kumi na moja anakaa kwangu. Tangu homa ya Januari hawezi kuinuka kwenye sofa mpaka mtu amshike makwapani. Dada wa mazoezi alimpapasa magoti, akamwambia sukuma, akamwambia vuta, kisha akanigeukia mimi kama mwenye kosa.

"Miguu bado ina nguvu. Tatizo ni nyinyi. Kila mnapomnyanyua mnamfundisha kukaa. Asimame mwenyewe mara kumi kwa siku. Mvua zikiisha kabla hajaweza, mama yangu, hataweza tena."

Kaka amepiga simu jioni. Nimemweleza. Hakuuliza Mama anakula nini wala analalaje. Akasema, "Basi barabara ikikauka nitakuja. Kama hasimami, namchukua. Kwangu kuna watu wa kumnyanyua."

Miaka kumi na moja alimwacha kwangu kama mzigo uliosahauliwa stesheni. Leo ndiyo kakumbuka risiti.

Mama amesimama: sifuri. Mvua: bado.

Jumapili, 2 Machi

Sofa ina kimo cha sentimita 36. Goti la Mama liko sentimita 43. Mtu aliyekaa chini ya magoti yake hainuki, anachimbuliwa. Hesabu haihitaji daktari.

Nimempima Mama kama ninavyompima mteja: goti, paja, kiwiko, upana wa nyonga.

"Unanipimia sanda?"

"Nakupimia kiti, Mama. Nakutengenezea mwenyewe."

"Viti vimejaa humu."

"Kwenye hivi huwezi kuinuka."

"Nani kakwambia nataka kuinuka? Nina mahali pa kwenda?"

Nikaandika namba zangu. Amesimama: sifuri.

Jumamosi, 8 Machi

Karakana. Ni ghala la zamani nyuma ya kinu cha unga. Mwenye kinu anatuachia kila Jumamosi kwa sharti asione mtu na sigara. Hakuna hata mmoja wetu anayekula kwa mbao. Fundi Saa, mkubwa wetu, anatengeneza saa za watu tangu sijaolewa. Dereva anaendesha lori na siku ya mapumziko anachonga miiko. Daktari wa Meno anaunda visanduku vidogo kwa patasi zinazong'aa kama vyombo vyake vya kazini. Wengine huja na kuondoka. Mimi ni mshonaji, nina vyerehani tisa. Nilianza na kimoja cha mkono, tena cha kuazima. Wananiita Mama Cherehani.

Nilivyoingia humu: seremala aliniletea meza ya kukatia nguo iliyopinda sentimita mbili, akaniambia jicho haliwezi kuona. Nikamwambia jicho lako. Wiki ile nilinunua msumeno.

Leo nimechagua mbao za mkaratusi, kavu, ukizigonga zinalia. Nimekata miguu minne. Mwaka wa pili huu niko hapa, nimeshaleta mezani vitu kumi na vinne, na sijasikia mtu akisema "vizuri" bila kuongeza "lakini".

Mama: sifuri.

Jumatano, 12 Machi

Kazi nyingi dukani. Mama: sifuri.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimefunga kiti. Kikalio ni mbao tano nilizozigundisha zikawa ubao mmoja, nikauingiza kwenye fremu pande zote nne, gundi kila upande. Kimekaa kimya kabisa. Karatasi haipiti. Miguu ya mbele nimeipandisha juu ya kikalio ili ibebe mikono ya kiti, kimo sentimita 49 kwa kikalio na 71 kwa mkono.

Fundi Saa alikuja na miwani yake ya jicho moja, akainama.

"Kikalio umekiachia nafasi?"

"Nafasi ya nini? Mtu aone mwanya, aniambie nimekata vibaya?"

"Mvua inakuja, Mama Cherehani."

"Kiti kinakaa ndani ya nyumba, Mzee."

Akaguna, akarudi kwenye kazi yake. Daktari wa Meno alikuwa anasikiliza huku anapiga msasa mfuniko wa kisanduku. Yeye ana msasa wa aina saba. Mimi nina wa aina mbili na mkono wangu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kwanza. Kopo nililoweka uani limeshika milimita 18.

Ijumaa, 28 Machi

Vanishi imekauka. Nimepaka juu na pembeni, chini sikujisumbua. Nimekileta kiti nyumbani kwa mkokoteni, nimekifunika kwa nailoni.

Mama amekitazama kwa muda mrefu.

"Kiti cha ofisini. Mimi karani?"

Akabaki kwenye sofa. Amesimama: sifuri. Mvua: 26.

Jumamosi, 29 Machi

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya meza. Kila aliyemaliza kitu anakiweka mezani. Utaratibu wetu ni mmoja: kabla ya mtu kukigusa, mwenye kitu anataja kosa lake mwenyewe. Baada ya hapo wenzake wanatafuta. Wakipata kosa kubwa kuliko ulilotaja, kitu kinarudi nyumbani bila kupigwa picha. Wasipopata, Fundi Saa anakipiga picha na simu yake, na picha inatumwa kwa wote. Hiyo ndiyo zawadi nzima, na watu wazima tunaililia.

Dereva aliweka mwiko. "Kosa: shingo nene. Mke wangu anasema huu si mwiko, ni kasia."

"Mkeo kasema kweli," Fundi Saa akajibu. "Siku ya mafuriko mtafika salama." Tukacheka. Likapigwa picha, hilo kasia.

Daktari wa Meno aliweka trei. "Kona hii ya kushoto ina mwanya. Nywele inapita." Watu wakainama kutafuta hiyo nywele. Wakasifu. Mtu anataja kosa la unywele mmoja, anasifiwa kwa kosa.

Mimi mikono mitupu. Nikasema kiti kiko nyumbani, kinatumika. Uongo wa kwanza. Hakitumiki.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimerudi kutoka dukani nikamkuta Mama amekaa kwenye kiti. Sikusema kitu. Nikipongeza, atahama.

"Sofa inanuka unyevu," akasema.

Mvua: 31. Amesimama: mara moja, kwenda kufunga dirisha. Nilikuwa jikoni, nilisikia mikono ya kiti ikilia, halafu kandambili. Nilishika beseni mkononi mpaka dirisha likafungwa.

Ijumaa, 4 Aprili. Mara mbili. Mvua 22.

Jumapili, 6 Aprili. Mara tatu. Anapinga kusaidiwa. Ameniambia, "Toka hapo, unaniziba." Mvua 40.

Alhamisi, 10 Aprili. Mara sita. Dada wa mazoezi kaja, kakitikisa kiti, kauliza nani kakitengeneza. Mama akajibu haraka, "Huyo." Hakutaja jina, wala hakusema "mwanangu". Huyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua haijakata siku tisa. Ukuta wa chumba cha Mama umeota ukungu kwa chini, upana wa kiganja. Droo za dukani zimegoma kufunguka, nimepiga teke moja. Mara nane.

Kaka kapiga simu. Nikampa namba: nane. Akasema, "Nane kwa siku au kwa wiki?" Kisha akasema yeye kama mwalimu mkuu anajua takwimu zinavyopambwa.

Mimi ndiye niliyetolewa shule darasa la saba ili yeye aendelee. Nilikuwa wa kwanza kwa hesabu katika watoto sitini na mbili; yeye darasani kwake alikuwa wa ishirini na kitu. Mama ndiye aliyeamua. Hakuniita kunieleza, nilikuta sare yangu imefuliwa, imekunjwa, imewekwa kwa ajili ya binti wa jirani. Kwa hiyo akiniambia habari za takwimu, namsikiliza vizuri sana.

Jumamosi, 19 Aprili. Mara kumi. Naandika tena: kumi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilikuwa nafuta kiti vumbi. Mguu wa mbele wa kulia, hapo fremu ya kikalio inapoingia, pana mstari. Nilidhani ni unywele, nikaufuta. Haukufutika. Nikachukua uzi mweupe namba arobaini, nikaujaribu. Ukaingia.

Kikalio kimevimba. Nimepima: kilikuwa sentimita 46 kamili, leo ni 46 na milimita 5. Kimeisukuma fremu, na fremu imeupasua mguu.

Kumkataza Mama kukaa ni kumrudisha kwenye sofa. Mara kumi zitarudi sifuri, na Kaka yuko tayari na gari. Kesho kutwa ni siku ya meza.

Nimechanganya gundi na unga wa mbao, nimeujaza ufa, nimepiga msasa, nimepaka vanishi. Jicho haliwezi kuona.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekipeleka.

Nilikiweka juu ya meza, mara ya kwanza kitu changu kimeijaza meza yote. Fundi Saa akasema, "Haya, mwenyewe."

"Kosa liko chini ya kikalio. Msumeno uliteleza, kuna mkwaruzo wa sentimita nne."

Wakakipindua, wakauona mkwaruzo. Wakakiinamia, wakakigonga. Daktari wa Meno alipitisha vidole kwenye miguu, mmoja mmoja, taratibu, kama anatafuta jino bovu. Kwenye mguu wa kulia wa mbele vidole vikasimama.

"Hapa rangi imebadilika."

"Fundo la mti," nikasema.

Akanitazama. Akaendelea na mguu mwingine.

Fundi Saa akapiga picha mbili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Dereva akaniambia, "Mama Cherehani, leo umetunyoosha." Watu wakapiga makofi. Nilingojea furaha ifike. Nilifika nyumbani na kiti, furaha haijafika.

Mama: kumi. Mvua: 12.

Jumapili, 27 Aprili. Kumi na moja. Ufa uko kimya.

Jumatano, 30 Aprili. Kumi. Nimempa Mama mto akalie. Sijui mto unazuia nini.

Ijumaa, 2 Mei

Naandika haya kwenye benchi la kliniki, kwa kalamu ya dada wa mapokezi.

Saa nne asubuhi nilikuwa chumba cha pili napiga pasi. Nilisikia sauti ya ubao unaovunjwa kwa goti. Kisha kitu kizito. Kisha hakuna kitu. Nikakimbia.

Mama alikuwa chini, amelalia mkono wa kulia. Hakulia. Mguu wa kiti ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye fremu hadi juu, na mkono wa kiti ulikuwa chini yake. Pale nilipojaza, gundi yangu ilikuwa imeshika vizuri sana. Mti wenyewe ndio ulioachia pembeni yake. Nililiona hilo kabla ya kumwona Mama usoni. Nalikiri hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayejua.

"Usininyanyue," akasema. "Ngoja kwanza nijue nimevunjika wapi."

Kifundo cha mkono wa kulia. Plasta wiki sita. Daktari wa zamu kasema ashukuru si nyonga. Nikamuuliza ni wazee wangapi kwa kumi wanaovunjika nyonga wakianguka hivi, akaniuliza mimi ni ndugu au mwandishi wa habari.

Kaka alipiga simu tukiwa hapa hapa. Dada wa mapokezi akamshikia Mama simu sikioni. Nilikuwa hatua mbili.

"Niliteleza," Mama akamwambia. "Sakafu ilikuwa na maji. Hapana. Hapana, kiti kiko sawa. Kiti kina kosa gani? Mimi ndiye niliyekaa vibaya."

Akaashiria kwa kidevu simu iondolewe. Hakunitazama. Mimi ndiye niliyemtazama, na nilihisi kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi na muuzaji anayemjua.

Jumamosi, 3 Mei. Sifuri. Sikwenda karakana.

Jumapili, 4 Mei. Sifuri. Mvua 35.

Jumatatu, 5 Mei. Sifuri.

Jumanne, 6 Mei

Nimemuuliza.

"Mama, kwa nini ulimdanganya Kaka?"

Nilikuwa namlisha uji. Akasubiri kijiko kishuke.

"Angekuja siku ileile, na matope yake yote."

"Kwa hiyo unataka kubaki kwangu?"

"Sijasema hivyo. Kubaki au kwenda, hilo ni langu. Si la kiti kuamua, wala si la ndugu wawili kuvutana kama nguo ya mnada."

Nikamwambia. Nikamwambia ufa niliuona siku nane kabla, na uzi ulipita, na nikaujaza, na nikaenda kusifiwa nao. Nilisema yote nikiangalia bakuli.



"Ulijua siku nane?"

"Nane."

"Na ukaniacha nikae."

"Niliogopa ukirudi kwenye sofa hutainuka tena."

"Uliogopa kaka yako," akasema. "Nipe uji."

Sifuri.

Alhamisi, 8 Mei. Sifuri. Mvua 9.

Jumamosi, 10 Mei

Leo si siku ya meza, ni Jumamosi ya kazi tu. Nilifika nikauweka ule mguu uliopasuka mezani, katikati. Randa zikasimama moja baada ya nyingine.

"Hiki ndicho kiti mlichokipiga picha," nikasema. "Mkwaruzo haukuwa kosa lake. Ufa niliuona siku mbili kabla ya kukileta, nikauziba. Si fundo. Mama yangu kavunjika mkono."

Dereva alivua kofia, halafu akaona haya, akaivaa tena.

Nikamgeukia Daktari wa Meno. "Wewe uliona."

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

Alifuta patasi kwa kitambaa muda mrefu kuliko patasi ilivyochafuka.

"Mama Cherehani, mwaka jana nilikwambia stuli yako inacheza. Ulinijibu mbele ya watu wote kwamba mwenye vyombo vya kununua asimfundishe mwenye mikono ya kuzaliwa nayo. Nikasema basi, huyu mama nitamheshimu kwa mbali." Akaukunja kile kitambaa. "Nilipaswa kusema. Nimeikumbuka ile siku kila nilipoiona picha. Nilijua mama yako anakikalia."

Nilikuja na hasira ya kumgawia. Nikakosa pa kuiweka. Nilijaribu kuhesabu ni watu wangapi hapa wananiheshimu kwa mbali, nikaacha.

Fundi Saa akauchukua mguu, akavaa miwani ya jicho moja.

"Mteja wako akija kushona gauni, unamwachia nafasi kiasi gani kifuani?"

"Sentimita nne. Apumue."

"Na ubao?"

Miaka thelathini na moja nawaachia watu sentimita nne za kupumua, hata wale wanaoapa kwamba hawatanenepa. Ubao sikuuachia milimita moja. Niliuona mwanya kama aibu.

"Kuna mbao kwangu," Dereva akasema kutoka nyuma. "Za bodi ya lori langu la kwanza. Zimekula jua na mvua miaka ishirini na mbili. Kama zilikuwa na la kufanya, zimeshalifanya."

Jumapili, 11 Mei

Mara hii sikumpima Mama. Nimemuuliza.

Nilipanga vitabu vya mitindo juu ya benchi imara, kimoja kimoja, nimemshika kiuno.

"Hapo?"

"Chini."

"Hapo?"

"Sasa umenipandisha mti. Toa kimoja."

Sentimita 46 na nusu. Namba zangu zilisema 49. Mimi nilipima goti. Yeye anajua mguu wake unaanzia wapi kuogopa.

Akasema pia mikono ya kiti iwe mirefu mbele, ipite magoti, kwa sababu kwa mkono mmoja anasukuma kwa kiwiko, si kwa kiganja. "Na upande wa kushoto uwe mnene. Huo ndio nitakaoutegemea. Ule mwingine weka wa kupendeza tu."

Sifuri. Mvua 4.

Jumanne, 13 Mei

Mwenye kinu ametupatia funguo za siku za kazi. Dereva kaleta mbao, Daktari wa Meno kaja baada ya mgonjwa wake wa mwisho. Ubao wa lori ni mweusi nje, ndani ni rangi ya chai. Una matundu ya misumari. Nimeuliza kama tuyazibe.

"Yaache," akasema Daktari. "Hayo hayana uongo."

Nilistahili. Kisha akaniazima patasi yake ya milimita sita. Inakata kama siagi. Kumbe miaka miwili nilikuwa nabishana na chuma.

Ijumaa, 16 Mei

Kikalio safari hii ni vipande saba, kati ya kimoja na kingine milimita nne wazi. Karatasi inapita. Uzi unapita. Sarafu inapita. Nimepaka vanishi na chini pia. Fundi Saa kakikalia, Dereva kakikalia, naye ni kilo mia moja na saba kwa mizani ya kinu. Wakasukuma kwa kiwiko cha kushoto mara hamsini. Nilihesabu mimi.

Jumapili, 18 Mei

Kiti kimekaa mbele ya Mama tangu asubuhi. Amekizunguka kwa macho. Akaniambia nikikalie kwanza. Nikakaa. Inuka. Nikainuka. Kaa tena. Akanifanyisha mara sita, na sikuuliza kwa nini.

Saa kumi akasema, "Nisogezee."

Akakaa. Plasta kifuani, kiwiko cha kushoto juu ya ubao. Akavuta miguu nyuma. Mimi mikono yangu niliifunga mgongoni, nikaishika mmoja kwa mwingine.

Mara ya kwanza hakuinuka. Mara ya pili hakuinuka. Mara ya tatu alinuna kama anayegombana na mtu, akaegemea mbele, na nyonga ikaachana na ubao. Sekunde kumi na tisa. Alisimama, anatetemeka kidevu, anatazama ukutani.

"Usiandike bado," akasema. "Ngoja nikae bila kuanguka."

Akakaa. Amesimama: moja. Mvua: hakuna.

Jumatatu, 19 Mei. Mbili.

Jumatano, 21 Mei. Tano. Kopo uani ni kavu, nimeliondoa.

Ijumaa, 23 Mei. Tisa. Sekunde saba.

Jumapili, 25 Mei

Kaka amefika. Matope hadi madirishani, lakini amefika. Ameleta godoro nyuma ya gari, na mkewe, na kijana wa kunyanyua.

Aliingia moja kwa moja kwa Mama akiwa na mikono mbele. "Bi Mkubwa, njoo nikushike."

"Ondoa mkono."

Mama akavuta miguu. Akasimama. Sekunde sita. Kaka alibaki na mikono hewani kama aliyekuwa anapokea mtungi ambao haukudondoka. Kisha akanitazama mimi, halafu kiti, na kwa mara ya kwanza tangu utoto sikumwona ana la kusahihisha.

Nilijua nimeshinda. Nilikuwa nimeshaandaa hata sentensi.

Mama akasema, "Nifungieni nguo zangu. Naenda."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Unakwenda wapi, Mama? Unasimama. Kumi kwa siku. Hakuna sababu ya kwenda."

"Ndiyo maana naenda. Wiki mbili zilizopita ningechukuliwa." Akatafuta kandambili kwa mguu. "Na kiti nakichukua."

"Utakaa kwake mpaka lini?"

"Mpaka nichoke. Nikichoka nitasimama."

Nilimfungia nguo. Nilikunja kila moja kwa pembe nne na uchungu niliokuwa nao nikaukunja humo. Nimemjengea mtu miguu, na kwa miguu hiyo anatoka mlangoni kwangu.

Kaka na kijana wake walikuwa juu ya gari wanafunga kiti kwa kamba. Mama alisimama kwenye mlango wa gari, hakutaka kushikwa. Akaniita kwa jina langu, lile la shuleni, ambalo hakuna anayeniita siku hizi.

"Mwaka ule nafasi ilikuwa ya mtoto mmoja. Nilihesabu sawasawa." Akapumzika. "Nilichagua vibaya."

Miaka arobaini na nne nimekuwa na majibu ya maneno hayo. Nilikuwa nayo marefu, mafupi, ya kuliza, ya kuchoma. Ukosi wa gauni lake ulikuwa umegeuka ndani. Nikaugeuza, nikaulaza kwa kidole gumba, upande huu na upande huu.

"Juu mfunge kamba mbili," nikamwambia Kaka. "Siyo moja. Mkono wa kushoto ndio unaobeba."

"Mbili, dada," akasema, na akaongeza ya pili.

Jumatatu, 26 Mei

Nyumba tupu. Sina namba ya leo.

Alhamisi, 29 Mei

Simu ya Mama. Nyuma ya sauti yake kuna kuku na wajukuu. Nikauliza mara ngapi. Akasema ameacha kuhesabu, hiyo ilikuwa kazi yangu.

Jumamosi, 31 Mei

Siku ya meza. Jua limeingia hadi katikati ya ghala, maranda yamekauka, yanapeperuka mtu akipita. Dereva kaleta mwiko mwembamba. Daktari wa Meno kaleta stuli ya kukalia watoto kliniki kwake, akataja kosa lake, nami nikaipindua, nikapata kubwa zaidi, nikamwambia kwa sauti ya kawaida. Akaniuliza niliona wapi. Nikamwonyesha. Akairudisha chini ya meza, na akanishukuru.

Ikafika zamu yangu. Walikuwa wamenisubiri, wote walikigusa kile kiti, wote walitaka kukiona juu ya meza. Mbele yangu palikuwa patupu.

Fundi Saa alikuwa ameshatoa simu yake. "Haya, Mama Cherehani. Kiti kiko wapi?"

"Kinatumika," nikasema.